Kipande cha Babu

Nilikuwa nimejiandaa kwa uangalifu mkubwa. Maswali ishirini na mawili niliyaandika daftarini, betri niliijaza usiku kucha, na nilijiapiza kwamba sitamkatiza mzee hata akirudia jambo moja mara tatu, kwa sababu mtu akiachwa aseme kwa mwendo wake ndipo huyakumbuka yale ambayo hakuulizwa. Jambo moja tu sikujifunza: programu ya kurekodi iliyomo katika simu yangu mwenyewe.

Babu aliletwa Korogwe mwaka 1958 kukata mkonge, akiwa miongoni mwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Kasulu, wakapanda garimoshi na kumalizia safari kwa lori. Hadithi yake tumekua nayo. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi thelathini, na siku ilihesabiwa pale tu alipoimaliza kazi aliyopimiwa. Vipande vikijaa ndipo mshahara ulipopatikana. Babu, kwa maelezo yake, alivijaza vyote bila kukosa, na manyapara walimwogopa.

Tulikaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Nilibonyeza mara moja wakati wa kuamkiana ili kujaribu sauti, kisha nikabonyeza tena alipoanza kusimulia. Kitufe kikawa chekundu, nami nikaridhika, kwa kuwa nilidhani wekundu ni dalili ya kazi kuendelea. Kumbe ulikuwa ukiniomba nibonyeze ili kazi ianze. Kwa hiyo kila Babu alipofungua kinywa nilizima, na kila alipoinuka kwenda msalani au kutafuta ugoro wake, niliwasha kwa heshima zote.

Jioni ile nyumba ilijaa ndugu waliokuja kwa harusi ya shangazi, na vijana wa muziki walikuwa wamekwisha kufunga spika zao, mbili kubwa kama makabati. Mjomba mmoja akapendekeza kwamba kabla ya ngoma tumsikilize mzee wetu. Sikuwa nimeisikiliza rekodi hata dakika moja. Niliunganisha simu, Babu akarekebisha kofia yake, na majirani wakasogea uani.

Zilisikika salamu, kikohozi, kisha sauti ya Bibi ikajaa mtaa mzima: “Mume wangu, usimwandike huyo kama asemavyo. Kipande hakikufika hata nusu! Mwiba wa mkonge ulimchoma gotini, akalia, akapelekwa jikoni kumpikia nyapara ugali. Huko ndiko alikonipata, nilipokwenda kuuza mchicha.”

Baada ya hapo ilifuata sauti yangu nikicheka, tena kicheko kirefu, cha mtu asiye na adabu.

Nilihangaika kuizima, lakini kwa mkono uliotetemeka nikaongeza sauti. Ikafuata habari ya ugali ulioungua na nyapara aliyelala na njaa. Wajomba waliziba midomo kwa viganja. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Chembe za mchele ziliendelea kuruka na kutua ungoni kama kawaida.

Babu alinyamaza kwa muda uliotutia hofu, kisha akasema taratibu, “Kileteni hicho kipande.”

Kililetwa kutoka chini ya sanduku la Bibi, kimefungwa katika kitambaa, rangi yake kama ya chai ya maziwa. Shangazi, bi harusi mwenyewe, mwenye hina iliyokuwa haijakauka, aliombwa azihesabu alama bila kukigusa. Alihesabu mara mbili, kwa sauti.

“Kumi na saba.”

Babu akasimama, jambo ambalo goti lake halimruhusu kila siku. “Mmesikia? Kumi na saba! Nusu ya thelathini ni ngapi?” Akanigeukia. “Na wewe washa hiyo simu yako, lakini kwanza umpe mtoto anayejua kuiwasha. Tunaanza upya, siku ya kwanza mpaka ya kumi na saba, na mama huyu akae karibu asikie.”

“Nitakaa,” akajibu Bibi, “habari ya ugali bado hamjaimaliza.”