Nimebonyeza nyekundu, imewaka kijani

Jamani mimi na huu mkanda wa taa za pikseli, zile kila taa inapokea rangi yake, mmoja wetu atahama hii nyumba. Nabonyeza nyekundu kwenye simu, inawaka kijani. Nabonyeza kijani, nyekundu hiyo inanikodolea. Bluu tu ndo ina adabu. Nikaanza kuyashuku macho yangu, nikamwita mtoto, hebu njoo, hii rangi gani? Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Kijani, baba."

Haya, macho mazima. Basi zitakuwa waya. Nikaangalia pale kwenye kontrola, kile kidude kinachotuma rangi kwenye mkanda, naona waya nyekundu na waya kijani zimekaa jirani, nikasema wezi wangu hawa hapa, nikafumua, nikaanza kulehemu upya nizigeuze, kidole kikaungua, na heri kiliungua maana nilivyokaa chini kupuliza ndo nikasoma kwamba kwenye huu mkanda nyekundu ni volti 5, kijani ni data, yaani amri za rangi, nyeupe ni graundi, njia ya umeme kurudi, wala haihusiani na rangi ya taa hata chembe. Ningezigeuza ningeikaanga taa ya kwanza, na ya kwanza ikifa zote za nyuma zinakosa habari.

Kumbe chipu zenyewe, vile vibongo vya ndani ya kila taa, ni WS2812B, zinapokea kijani kwanza, halafu nyekundu, halafu bluu, na kontrola ilikuwa inatuma nyekundu kwanza. Kila taa inachukua biti zake 24, nane kwa kila rangi, haiulizi hii ya nani, inameza tu! Bluu ni ya mwisho kote kote ndo maana haikuniudhi. Dawa yake ni kuingia kwenye setingi ukatoa RGB (R nyekundu, G kijani, B bluu) ukaweka GRB. Herufi mbili kubadilishana viti, mimi nina malengelenge.

Na hapo sijasema siku ya kwanza haikuwaka kabisa, nilichomeka data mkiani, eti kuna mshale umechorwa kwenye mkanda, mshale wenyewe kama mguu wa sisimizi. Nikageuza, ikawaka ila inapepesa kama ina degedege, kwa sababu kontrola ina umeme wake na mkanda una pawa saplai yake, na graundi zao sikuziunganisha, sasa data ipimwe kutokea wapi?

Halafu nikaomba nyeupe. Mwanzo nyeupe safi, katikati njano, mwisho rangi ya kutu. Taa 300, kila moja nyeupe kamili inaweza kula miliampia 60, jumla ampia 18, na mimi nimezipitisha upande mmoja tu, volti zinaishia njiani. Bluu na kijani zinataka kama volti 3 kuwaka, nyekundu inaridhika na 2 hivi, kwahiyo njaa ikiingia nyekundu ndo inabaki imesimama. Nikavuta waya nene mpaka mwisho nikalisha umeme na huko. Ikanyooka, nikaita familia nzima waje kuona.

Ningeachia hapo. Ila nilikuwa na kamba ya zamani ya taa 50, volti 5 vilevile, chipu WS2811, nikasema si niiunge tu mwishoni ipendeze. Nikabonyeza nyekundu. Mkanda wote nyekundu tupu, mpaka ilipoanza ile kamba.

Mtoto hata sikumwita, alikuja mwenyewe.

"Kijani, baba."