Namba 8 Yangu, Namba 8 Yako

Harusi ya mdogo wangu tulipangiwa kazi ya magari, mimi getini, shemeji yangu kule nyuma kwenye maegesho. Redio za mkononi zilikuwa tatu, za kuazima, kila moja na kampuni yake. Shemeji akajipa ufundi. "Nimeweka toni namba 8 kwangu na kwako. Tuongee tutakavyo, hakuna atakayetunasa." Toni ni mlio wa chini usiosikika unaotumwa pamoja na maneno; redio iliyowekewa hunyamaza mpaka ipate mlio wake. Ya tatu hakuigusa. Shangazi akaichukua akampa Mama.

Gari la kwanza likaingia. Naita, kimya. Naita tena, kimya. Lakini taa ya kijani kwenye redio yangu ilikuwa inawaka na kuzima. Taa ikiwaka bila sauti, mawimbi yamefika ila skwelchi, kile kizibo cha sauti cha redio, imegoma kufunguka, inasubiri toni yake. Nikabonyeza kile kitufe cha pembeni kinachoifungua kwa nguvu. Shiii, halafu shemeji huyo, katikati ya sentensi:

"...hotuba ya mama mkwe, bwana! Tutatoka humu na mvi. Najua unacheka, ndiyo maana hujibu."

Nikamwambia anyamaze. Hakunisikia, kwa sababu redio yake nayo ilikuwa inaikataa toni yangu. Akaendelea, akahamia kwenye kilemba cha Mama.

Nikazama kwenye menyu huku madereva wananipigia honi. Kumbe namba 8 yake ni toni ya hezi 88.5, yangu 85.4. Orodha ya toni kwenye redio yangu inaihesabu 69.3 baada ya 67.0, yake inairuka, basi namba zote za mbele zimesogea. Wenye akili hutaja hezi, si namba. Nikaweka 88.5 kutuma na kupokea.

"Shemeji, nyamaza! Mama ana redio!"

"Haina toni ile, atasikiaje?"

Hapo ndipo wengi huponzwa. Toni haifichi neno hata moja; inaziba sikio la redio iliyowekewa tu. Ile isiyo na toni hufungukia kila kinachopita kwenye masafa yale.

Taa ikawaka tena, kimya. Nikabonyeza kitufe.

"Mkwe wangu," Mama alikuwa anasema taratibu, "nilikuwa nataka kuifupisha. Sasa basi. Ova."

Shemeji hakusikia kitu, Mama hatumi toni. Ikabidi nimfikishie mimi salamu zile, neno kwa neno, pamoja na ova yake.

Hotuba ilisomwa yote. Redio ya tatu Mama amekataa kuirudisha, anasema anapenda kufuatilia mambo ya magari.