Sakafu ya joto, miguu ya barafu

Jamani asubuhi hii nimekanyaga sakafu ya bafu pekupeku nikaruka kama nimekanyaga nyoka. Na hii ndo ile sakafu ya kupashwa joto eti, ile iliyomeza akiba yote. Baridi ya mochwari!

Fundi umeme sina neno naye, alikuja akafunga ile swichi ya usalama ya miliampia 30, ya kukata umeme ukivuja, akaenda zake. Fundi vigae sasa! Nilimpokea kwa heshima zote, nikavaa na miwani, nikamsomea maelekezo kama karani wa mahakama: fundi, mkeka huu wenye waya wa kupasha joto, ukitaka kuugeuza unakata wavu wake tu, waya usiuguse, usiupishanishe, na choo kinapokaa usiupitishe. Ananitazama tu. "Bosi, mi na kazi hii tumezaliwa pamoja." Haya. Nageuka mara moja, narudi nakuta kashika mkasi, eti waya umezidi anaupunguza kidogo! Unapunguza nini fundi, suruali hiyo?? Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia, heshima ya miwani ikaishia hapo. Basi kasusa, katupa mkasi, kachukua mwiko wa chuma anasambaza gundi huku anakwangua chini kama anaondoa ukoko kwenye sufuria. Namwambia taratibu, tupime tena kabla hujafunika. "Si tulipima asubuhi bosi, waya sio mgonjwa huu." Kweli asubuhi omu, yaani ukinzani wa waya, zilikuwa zilezile za kwenye karatasi. Jioni vigae vishalala, naweka mita, haisomi kitu. Waya mmoja huo umezunguka bafu zima, ukikatika sehemu moja ndo basi tena, kote hakupati joto. Namuuliza, ananijibu labda mita yako mbovu.

Nami mjinga nikasubiri gundi ikauke siku zote walizoandika, ndo nikawasha. Themostati, kile kidude cha kupangia joto, inang'aa vizuri tu ukutani, nyuzi 28 nilizoiagiza hizo hapo, inajipasha yenyewe.

Sasa naambiwa kuna mafundi wana mashine ya kutafuta palipokatika, wanang'oa kigae kimoja viwili wanaunga. Kigae cha akiba chenyewe sina, vilivyobaki fundi alisema ni vipande akaondoka navyo. Mama watoto yeye anasema vaa kandambili. Nivae zipi? Nimeinama hapa uvunguni dakika kumi, ziko mbili, zote za kushoto. Nani humu ndani ana miguu ya kulia miwili?