Sufu ya Lesotho na mpaka usio na ushuru

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hiyo kila robota la sufu linaloshuka kutoka milimani halina budi kupita katika ardhi ya jirani kabla ya kuifikia bahari. Tangu mwaka 1910 nchi hizi mbili zimo katika Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, na bidhaa zao huvuka mpaka bila kutozwa ushuru. Kwa miaka mingi mfugaji wa Lesotho alinufaika na njia hiyo: sufu yake iliuzwa kupitia madalali wa Afrika Kusini katika mnada wa Port Elizabeth, mji ambao leo unaitwa Gqeberha, na wanunuzi waliogombea sufu ya wafugaji wakubwa wa huko waligombea na yake.

Mwaka 2018 serikali ya Lesotho ilitoa kanuni zilizotaka sufu hiyo iuzwe ndani ya nchi. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu ujira wa udalali na ajira za maghalani vilikuwa vikibaki ng'ambo ya mpaka. Lakini serikali ilifunga njia ya zamani kabla ile mpya haijawa tayari. Wafugaji wengi walicheleweshewa malipo, na Juni 2019 waliandamana Maseru, mji mkuu. Inaniuma nikifikiri kwamba kwa familia nyingi za milimani, fedha ya sufu ndiyo ada ya shule na unga wa mwaka.

Naamini serikali ingeanzia kwenye banda la kunyolea. Hapo kondoo hulazwa, na mnyoaji hupitisha mkasi wa mkono karibu kabisa na ngozi mpaka sufu itoke kipande kimoja kama blanketi. Kisha hutandazwa mezani, ya tumboni na iliyochafuka ikatengwa, na iliyobaki ikapangwa kwa wembamba na urefu wa nyuzi. Bei huanza kupanda au kushuka juu ya meza hiyo, robota likiwa bado halijafungwa.

Afrika Kusini nayo haikuwa mshindi wa moja kwa moja. Sufu yake nyingi hununuliwa na China, na mwaka 2022 China iliposimamisha ununuzi kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, mpaka ulio wazi na Lesotho haukuweza kumwokoa mfugaji wa Afrika Kusini.

Sufu isiyooshwa hubeba mafuta, jasho na vumbi, hivyo sehemu isiyo ndogo ya uzito unaopakiwa kwenye malori si sufu. Kiwanda cha kuosha kikijengwa Lesotho, kikapima kwa haki na kulipa kwa wakati, na bei yake ikaishinda ya Gqeberha baada ya kutoa nauli, wafugaji watakipelekea mzigo wao bila kulazimishwa na kanuni yoyote.