Ukiichukia filamu nyumbani, kagua runinga kwanza

Aprili 2019, episodi ya tamthilia ya Game of Thrones iitwayo The Long Night ilipoonyeshwa, watazamaji wengi walilalamika kwamba hawakuona kitu ila giza. Mpigapicha wake mkuu, Fabian Wagner, alijibu kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni watu kutojua kupanga runinga zao. Wengi walikasirika, na wana hoja. Anayetengeneza kipindi cha runinga alipaswa kufikiria sebule yenye taa na dirisha, na aliyelipia hadaiwi ufundi. Tena hadithi dhaifu itabaki dhaifu hata kwenye kioo cha inchi 85.

Lakini Wagner alisema jambo la kweli ambalo lilizimwa na hasira. Filamu nyingi tunazozilaani sebuleni hatujaziona wala kuzisikia zilivyotengenezwa.

Sauti ndiyo mharibifu mkuu. Filamu nyingi huja na njia sita za sauti: mbele kushoto, katikati na kulia, mbili za pembeni, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote yamo kwenye njia ya katikati. Runinga au sabufa yenye spika mbili hutegemea njia hizo zikunjwe ziwe mbili, na hapo mazungumzo hugawanywa kushoto na kulia. Deki au boksi la Android likituma njia zote sita bila kuzikunja, spika zinaweza kuchukua kushoto na kulia tu, ya katikati ikapotea. Dalili zake hazifichiki: muziki na milipuko inatikisa kabati, waigizaji wanasikika kama wako chumba cha pili. Mtu anaongeza sauti ili asikie sentensi, mlipuko unamshtua, anapunguza, sentensi inayofuata inampita. Baada ya nusu saa anasema filamu haieleweki, na kwa kweli hakuelewa, maana nusu ya maneno hayakumfikia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa kinachocheza filamu, si ya runinga pekee, uchague Stereo au PCM. Kama milipuko bado inazidi maneno, washa Night Mode, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ikiwa ipo.

Mwendo wa picha nao una kesi yake. Filamu nyingi hupigwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Runinga nyingi huongeza fremu za kubuni katikati, na sinema ya mamilioni ikafanana na tamthilia ya studio. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video wakiwaomba watazamaji wazime kitu hicho. Kwa LG huitwa TruMotion, kwa Sony Motionflow. Kwa mpira kinasaidia, kwa hiyo ukirudishe siku ya mechi.

Kuhusu giza: kiwango cha mwangaza wa ukumbi wa sinema ni niti (kipimo cha mwangaza) 48 tu, ila ukumbini hakuna taa. Nyumbani zima taa inayomulika kioo, ondoa hali ya kubana umeme, na uchague Cinema au Movie badala ya Vivid, ambayo inafaa zaidi kuvutia wateja dukani.

Kisha rudia dakika kumi zilizokukera zaidi. Kama mazungumzo sasa yanasikika na bado ni ya kuchosha, lawama ni ya mwandishi wa filamu, na una haki ya kumwambia.