Eti "nyuzi ni nyuzi"

Jamani, hili suala la nyuzi za gitaa hapa Mwanza limenichosha. Jumamosi jioni uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, umekatika, kesho asubuhi kuna ibada. Natoka Kirumba mbio hadi mjini. Duka la tatu ndipo napata pakiti. Namuuliza muuzaji, "Kaka, hizi ni za gitaa kavu au la umeme?" Ananijibu, "Nyuzi ni nyuzi, bosi."

Si kweli! Za gitaa kavu zile nene huzungushiwa waya wa shaba. Za umeme mara nyingi huzungushiwa waya wa chuma uliopakwa nikeli. Ukizifunga kwenye gitaa kavu, sauti inapooza. Na gitaa la nyuzi za nailoni ukilifunga za chuma, mvuto unaweza kuling'oa daraja, yaani kile kipande cha ubao kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Nimeliona kwa macho yangu gitaa la kijana wa kwaya yetu: daraja limebanduka na vipande vya ubao, gundi imekauka kama ugali wa jana.

Halafu unene. Mimi natumia za 12, yaani uzi wa kwanza ni inchi 0.012. Nauliza za 12, naambiwa nyuzi ni sita tu!

Na huo uzi wa kwanza, unaokatika kila mara, mbona hawauuzi peke yake? Nimelipa pakiti nzima. Nafungua nyumbani: za nikeli, za umeme.