Évora wanapaka chokaa, sisi twapaka simiti

Nimeishi Lisbon miaka sita, na hamu ya nyumbani haijawahi kunishika kama ilivyonishika Jumamosi ile kule Évora. Mji huo uko yapata kilomita 130 mashariki ya Lisbon, bara kabisa, katikati ya mizeituni na ile miti inayobanduliwa magome kutengeneza vizibo vya chupa. Hauna bahari wala mnazi. Kilichonirudisha kwetu Mombasa ni harufu ya chokaa mbichi.

Nilifika kwa treni asubuhi. Stesheni yao ni ndogo, kuta zimepambwa vigae vya buluu na vyeupe vinavyoitwa azulejo, na neno hilo lina asili ya Kiarabu. Ukiwa na Kiswahili chako kichwani, huku Ureno utayakuta maneno ya ukoo kila kona. Sukari ni açúcar. Mtu akitamani jambo liwe husema oxalá, na ukisikiliza vizuri unaisikia inshallah ndani yake. Waislamu waliutawala mji wa Évora zaidi ya miaka 400, wakauita Yabura, mpaka mwaka 1165 ulipotekwa na Geraldo, mpiganaji Mkristo aliyepewa lakabu ya "asiye na woga". Uwanja mkubwa wa katikati ya mji una jina lake hadi leo, na chemchemi ya marumaru ya mwaka 1571 yenye midomo minane ya kutolea maji. Sisi nasi tuna maneno ya Wareno midomoni kila siku: meza, leso, bendera. Hata gereza. Hilo lilikuwa igreja, kanisa.

Watalii wengi hukimbilia kanisa la mifupa, lililojengewa ndani mafuvu na mifupa ya maelfu ya wafu. Niliingia, nikawaombea, nikatoka. Halikunikaa moyoni kama lile hekalu la Warumi juu ya kilima. Nguzo 14 bado zimesimama baada ya karibu miaka 2000, nami nilidhani zimedumu kwa kuogopwa na kuzungushiwa ua. Kumbe katika zama za kati watu waliziba nafasi kati ya nguzo kwa kuta, na jengo likatumika kama bucha mpaka mwaka 1836! Mji wenyewe uliishi ndani yake, na kwa kuishi humo ukalihifadhi.

Kwenye kanisa kuu nilikaa muda mrefu, na siwezi kusema nilikaa kwa raha. Ni jengo la mawe ya matale, lilianza kujengwa mwaka 1186, na ukipanda juu ya paa unaona mji mzima mweupe chini yako. Waévora husimulia kwamba bendera za meli za Vasco da Gama zilibarikiwa hapo kabla hajang'oa nanga mwaka 1497. Aprili ya mwaka uliofuata alikuwa mbele ya bandari ya Mombasa. Mwaka 1505 wakaja wenzake na Francisco de Almeida, wakauchoma mji wetu. Da Gama mwenyewe alikuja kuishi Évora miaka kadhaa baada ya safari zile. Mimi mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, nimesimama juu ya paa hilo, naangalia kuta nyeupe na vichochoro vyembamba vilivyojengwa kukimbia jua, na moyo umejaa mambo mawili kwa pamoja: uchungu wa tuliyotendewa, na mapenzi kwa mji ambao sura yake ni ya kwetu.

Niliteremka kwenda kuuona mfereji wa maji. Ulikamilika mwaka 1537, una urefu wa kilomita 18, na unapoingia mjini umebebwa na matao marefu ya mawe. Katika mtaa unaoitwa Rua do Cano, watu wamejenga nyumba ndani ya matao hayo. Tao moja, nyumba moja: mlango, dirisha, namba ya posta, kamba ya nguo. Pembeni kuna kibaraza cha kujengewa cha kukalia jioni. Wao hukiita poial, lakini ni baraza tu, baraza lilelile la kwetu, na wazee wawili walikuwa wamelikalia wakizungumza.

Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja mtu mzima, wa umri wa miaka 70 na kitu, amefunga kitambaa kichwani, anapaka chokaa ukuta wa mbele. Alikuwa na ndoo na brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu. Alianza juu akishuka, mkono mmoja tu, bila haraka, na chokaa ilikuwa nyepesi kama maziwa. Ilipogusa ukuta haikuonekana nyeupe hata kidogo. Ilikuwa kijivu, kama ukuta umelowa tu. Baada ya robo saa jua likaikausha, na weupe ukatokea wenyewe. Chini aliacha ukanda wa rangi ya manjano, ile inayozunguka kuta na milango ya Évora nzima. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini hapaki rangi ya dukani, ambayo ingedumu zaidi. Aliniita filha, mwanangu, akaniambia ukuta wa zamani ukiufunga kwa rangi ile unakosa pumzi, maji yanabaki ndani. "Mama yangu alipaka, nami napaka kila mwaka," akasema. Kisha akanipa brashi nimalizie pembe asiyoifikia vizuri kwa sababu ya goti lake.

Sioni haya kusema kwamba nilipaka huku machozi yananitoka. Harufu ile ni ya nyumba ya nyanya yangu.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe, imeshikwa kwa chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kwani upana wa chumba ni urefu wa boriti. Nyanya alikuwa kila ikikaribia Ramadhani anamtuma mjomba kuleta chokaa, wanaizima kwa maji kwenye pipa uani, inachemka yenyewe bila moto, nasi watoto tunafukuzwa tusiunguzwe macho. Nyanya alipofariki, familia ikachanga pesa ya kukarabati. Mimi nilituma kiasi kikubwa kutoka huku. Fundi akashauri tupige lipu ya simiti, kisha rangi ya mafuta, eti tutapumzika miaka 20. Hata miaka mitatu haikufika. Chumvi ikatoka ukutani kama unga, lipu ikavimba na kudondoka vipande vikubwa, na boriti mbili za sebuleni zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Matumbawe yananyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye upepo wa bahari, na chokaa iliuacha unyevu huo utoke. Simiti iliufungia ndani. Mama yule wa Évora alinieleza ugonjwa wa nyumba yetu bila kuijua.

Najua watakaosema Ulaya wana pesa. Mkoa huo wa Alentejo, kwa Ureno, si mkoa wa matajiri, na ndoo ya chokaa ni bei rahisi kuliko ndoo ya rangi. Wala sitaki kumdanganya mtu kwamba huko kila kitu ni shwari. Ndani ya kuta za mji ule niliona nyumba nyingi zimefungwa, nyingine zimegeuzwa vyumba vya wageni, na vijana wamehamia nje ya ukuta ambako kuna maegesho ya gari. Mirathi inawasumbua kama inavyotusumbua: nyumba moja, warithi kumi na tano, hakuna anayekubali kutoa hata senti ya kuziba paa.

Lakini kuna jambo moja wametuzidi, nami naliona ni kubwa. Mwaka 1986 Évora ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kilichoingizwa ni mji wote wa kale ndani ya kuta zake, pamoja na vibanda vile vya chini ya matao. Lamu imefanyiwa hivyo mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000. Mombasa je? Mwaka 2011 iliyoingia orodhani ni Ngome ya Yesu. Ngome ambayo Mreno alianza kuijenga mwaka 1593 ili atutawale! Naipenda ngome ile, nimecheza chini ya kuta zake, na nataka itunzwe. Ila mtalii akitoka pale akavuka barabara, anaingia mitaa ya watu walioijenga Mombasa, na huko roshani za mbao zinaninginia kwa misumari miwili, na pengo la nyumba iliyoanguka limegeuzwa jaa. Sheria za kuhifadhi tunazo. Tulichokipoteza ni mkono wa kila mwaka, ule wa ndoo na brashi, na fundi anayejua kuzima chokaa. Mafundi hao wakiisha, hata serikali ikimwaga fedha zitanunulia simiti.

Usiku ule ule nilimpigia mjomba. Nilitarajia aniambie nimeanza mambo ya Kizungu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nyanyako alinikataza simiti, mwanangu, nikamuona mzee." Tangu wiki ile ameanza kubandua lipu ukuta wa uani, kipande kwa kipande, kwa patasi, asije akaumiza mawe. Pesa niliyokuwa nimeiweka ya kununua televisheni nimeituma Lamu, kwa jamaa anayejuana na wachoma chokaa, walete magunia kumi kabla ya mvua za masika. Pipa la nyanya bado liko uani. Mjomba anasema limepata kutu kwenye ukingo, lakini halivuji.